Njia Iliyo Kati ya Mlango na Shule
Mhadhara wa umma juu ya kuchagua maskani katika mji wa Nakuru



Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote katika miaka thelathini niliyofundisha mjini humu, na ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mazungumzo mengine yote kwisha, si swali la hisabati wala la sarufi. Mzazi hukusanya madaftari ya mwanawe, akaaga, akafika kizingitini, kisha akageuka na kusema: "Mwalimu, nataka kuhama, hebu niambie, mtoto wangu atakaa salama wapi, na atasoma wapi?" Mara nyingi nimelijibu kwa wepesi, na wepesi huo sasa unanisuta, kwa maana anayeuliza hivyo yuko tayari kukopa, kuuza shamba la urithi na kuacha majirani wa miaka ishirini, kwa kutegemea neno moja la mwalimu aliyekuwa na haraka ya kufunga darasa.

Majibu ya kawaida mnayajua. Mwenye nacho huelekezwa Milimani, penye miti mikubwa na hewa ishukayo kutoka Menengai. Mwenye mshahara wa kiasi huambiwa atafute Naka, Section 58, ama ploti ya hamsini kwa mia huko Kiamunyi. Na yule anayehesabu shilingi zake kabla ya kupanda matatu huachiwa Kaptembwo, Rhonda au Free Area, kisha huambiwa amtegemee Mungu. Majibu hayo yamejengwa juu ya dhana moja, nayo ni kwamba usalama na elimu ni bidhaa zipimwazo kwa kodi ya nyumba, na kwamba anayelipa zaidi hupata zaidi. Dhana hiyo nimekuja kuipinga.

Ila kwanza tukumbuke imetoka wapi, maana haikuota yenyewe. Reli ilipofika hapa mwaka 1900, na mji ukapata mipaka yake rasmi 1904, waliopanga makazi hawakuuliza watoto watasoma wapi. Waliuliza nani atakaa mbali na nani. Mwaka 1913 daktari mmoja aitwaye Simpson, aliyeletwa na serikali kuchunguza afya ya miji ya himaya hii, alipendekeza kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika mitaa yao mbalimbali, kwa hoja ya kuzuia maradhi. Ijapokuwa Waraka wa Devonshire wa 1923 uliifuta sera ya kuwatenga Wazungu na Wahindi mijini, mwenye kuitazama ramani ya Nakuru atauona ule mpango wa zamani umelala palepale, huku juu mlimani nyumba chache zenye bustani, na kule chini, kuelekea ziwani, Bondeni, Kaloleni, Kivumbini na Shauri Yako, nyumba zimebanana hata mtu akikohoa jirani humpa pole. Shule nazo zilifuata rangi, ya Wazungu mbali, ya Wahindi mbali, ya Waafrika mbali, na hata uhuru ulipokuja milango ikafunguliwa, majengo hayakuhama. Basi mtoto wa leo anayevuka mji mzima kwenda kusoma anatembea, bila kujua, juu ya mistari iliyochorwa kabla babu yake hajazaliwa.

Baada ya uhuru ilikuja zamu ya makampuni ya kununua ardhi. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa michango ya maelfu ya wanachama, na majina kama Ngwataniro na Ndeffo wazee waliomo humu wanayakumbuka vizuri. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, nami siidharau, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa na mazao ya ekari mbili zilizopatikana kwa njia hiyo. Lakini ekari zilivyozidi kugawanywa, toka baba hadi wana, toka wana hadi madalali, soroveya alipita na mambo yake, vigingi vikapigwa, na katika ploti mia mbili hapakuachwa hata moja ya kiwanja cha shule, wala njia ya miguu, wala uwanja wa watoto kupigia mpira. Kila mmoja alinunua nyumba yake. Mtaa haukununuliwa na mtu.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa Bondeni, nikaoa nikiwa Flamingo, na binti yetu alipotimiza miaka sita tukahamia Kiamunyi, kwa sababu zilezile ninazozisikia mlangoni kila juma. Tulijenga ukuta, tukaweka lango la chuma, juu tukapitisha seng'enge. Tukamwandikisha mtoto katika shule ya kulipia iliyosifika kwa alama, upande wa pili wa mji, yenye basi la rangi ya manjano. Basi hilo lilipita kwetu saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kwa kuwa sisi tulikuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kurudishwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, mwezi ambao baridi ya Nakuru huingia hadi kwenye kucha, nilitoka na tochi nikamkuta ameketi juu ya begi lake kando ya lango, viatu amevaa, soksi moja imegeuzwa ndani nje, na mkate aliopakiwa na mama yake ameushika mkononi bila kuuma. Alikuwa amelala. Nilimbeba nikampandisha ndani ya basi akiwa bado usingizini, utingo akampokea kama anavyopokewa mzigo, taa nyekundu zikapotea kwenye kona. Nikarudi ndani, nikajipashia chai, nikasahihisha madaftari. Ilipokaribia saa mbili nikasikia kengele. Ilikuwa kengele ya shule ya msingi ya serikali, ng'ambo ya shamba la mahindi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu ya mtoto. Nilikuwa nimeishi hapo miezi minane nikiisikia, na sikuwahi hata siku moja kwenda kuona ni shule ya namna gani.

Sisemi kwamba ile ya karibu ilikuwa bora. Nilipokwenda hatimaye, nilikuta darasa moja lina watoto sabini na wanane, na vyoo vyake vinasikitisha. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka katika shule za nchi hii mwaka uleule, na majengo hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Na wazazi wenye uwezo, badala ya kuuliza kwa nini, waliondoa watoto wao. Nami niliondoa wangu. Alipoondoka mtoto wa mwalimu, na wa muuguzi, na wa karani wa benki, aliyebaki kudai madawati ni mama auzaye mboga, naye mkutano wa wazazi huitishwa saa anayohitajika sokoni. Ubovu niliouona siku ile ulikuwa na alama ya mkono wangu.

Mahali pengine duniani mambo yamekwenda kinyume, lakini matokeo yake yanafanana na yetu. Katika sehemu nyingi za Marekani anwani ya nyumba ndiyo inayoamua shule, na shule hulipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majumba ya hapo hapo, hata nyumba ikawa ghali kwa sababu ya shule, na shule ikawa tajiri kwa sababu ya nyumba. Kwetu sheria haimfungi mtoto na shule ya mtaa wake kwa namna hiyo, na kwa hiyo tumejiaminisha kwamba tuko huru. Uhuru wetu umekuwa ule wa kuamka saa kumi.

Na jambo hili sasa lina uzito kuliko zamani. Enzi za mtihani wa KCPE wa darasa la nane, tangu 1985 mpaka 2023, mzazi angeweza kujiambia kwamba taabu ya njia itakwisha darasa la nane, kisha mtoto aende bweni. Lakini tangu Januari 2023 madarasa ya gredi ya saba hadi ya tisa yamewekwa ndani ya viwanja vya shule za msingi, maana yake mtoto aliyeanza chekechea anaweza kupita njia ile ile mpaka sauti yake ivunjike na ndevu zianze kuchipua. Mwenye kuchagua nyumba anachagua njia itakayopitwa mara maelfu, alfajiri na magharibi, masika na kiangazi.

Sasa niseme juu ya usalama, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu neno hili mjini kwetu lina tumbo lenye siri. Mzazi anaponiambia "nataka mtaa salama", huwa namsubiri amalize, kwa kuwa mara nyingi sentensi haijaisha. Sehemu iliyobaki ni hii: "ambao majirani ni watu wetu."

Najua ilikotoka. Mwishoni mwa Januari 2008 nilikuwa hapa. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini baada ya uchaguzi mkuu wa 2007, na sehemu kubwa ya damu hiyo ilimwagika katika Bonde la Ufa. Mjini kwetu Kaptembwo, Rhonda na Free Area ziliwaka, na aila nzima zikalala katika uwanja wa maonyesho na katika uwanja wa Afraha, zimebeba godoro na sufuria. Kabla ya hapo Molo ilikuwa imeungua 1992, na Njoro 1998, na tume ya Jaji Akiwumi iliyochunguza mapigano hayo ilikuwa imekwisha kuandika ripoti yake. Kwa hiyo simlaumu aliyehama mwaka ule. Wapangaji walibadilishana nyumba kama watu wabadilishanao viti, huyu akatoka huku, yule akatoka kule, na mitaa iliyokuwa na mchanganyiko ikawa ya lugha moja.

Walakini ninalotaka kulisema kwa uwazi ni kwamba mtaa wa kabila moja haukumpa mtoto usalama. Ulimpa utulivu wa miaka minne minne, unaokatika kila uchaguzi unapokaribia. Mtoto asiyewahi kukaa dawati moja na mtoto wa jina jingine hukua akiamini uvumi wa kwanza atakaoletewa. Katiba ya 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuishi popote Kenya. Lakini haki hiyo haiwezi kukaa juu ya karatasi peke yake, inahitaji dawati. Shule ya karibu, yenye watoto wa kila nyumba, ndiyo mahali pa pekee mjini humu ambapo wazazi wa makabila yote hulazimika kusimama kwenye foleni moja wakingoja ripoti.

Yako mambo mengine ya usalama ambayo lango la chuma haliyazuii, nami nitayapitia upesi. Ulizieni maji: visima vingi vya ukanda huu vina floraidi nyingi kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo sababu mtu wa Nakuru hutambulikana ugenini kwa meno yake ya kahawia, na ndiyo sababu Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya hapa ilianza kuchuja maji kwa mifupa iliyochomwa. Ulizieni ardhi, kwa kuwa udongo wetu ni majivu ya volkano na hufanya nyufa mvua zikizidi. Ulizieni ziwa pia, lililopanda kwa miaka kumi na zaidi hata likameza lango kuu la hifadhi na nyumba za watu upande wa Mwariki. Mtu asiyemwuliza jirani wa zamani mambo haya atayajua akiwa amekwisha kulipa.

Serikali ilileta mpango wa ulinzi wa Nyumba Kumi mwaka 2013, ikaiga mabalozi wa nyumba kumi kumi wa Tanzania, na mahali pengine imefaa. Lakini ulinzi bora niliouona maishani ulikuwa wa bibi mmoja aliyekaanga mandazi kwenye kona ya Flamingo, karai lake limeelekea njia ya shule. Hakuteuliwa na chifu. Alijua watoto kwa majina, na kwa majina ya mama zao, na kwa viatu. Siku moja mtoto wa kiume wa darasa la pili alipita peke yake, naye bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta akauliza, "Dada yako yuko wapi leo?" Mtoto akajibu kwamba dada amebaki nyuma na mtu mwenye pikipiki. Bibi aliliacha karai motoni, akavuka barabara na upawa mkononi, na yule msichana alirudi naye akiwa ameshikwa mkono. Mandazi yaliungua yote.

Basi sasa anayeniuliza mlangoni simtajii mtaa tena. Humwambia tukutane siku ya shule, saa tisa unusu alasiri, penye lango la shule iliyo karibu na ploti anayoitaka, tuwafuate watoto kwa mbali mpaka nyumbani, na njiani ahesabu ni watu wazima wangapi waliowaita kwa majina.

Mwezi uliopita nilikwenda hivyo na mume na mke vijana, mahali kando ya barabara kuu ya Nairobi. Ploti ilikuwa nzuri, hati safi. Watoto walitoka wakicheka, wakasalimiwa na mshona viatu, na muuza maji, na mama wawili waliokuwa wakianika mahindi. Walipofika ukingoni mwa lami kicheko kikakatika. Malori yalikuwa yakipita bila nafasi. Msichana wa miaka tisa hivi alimshika mdogo wake kwenye kola ya shati, akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi nyuma, akatazama tena. Tuliwahesabia dakika kumi na moja kabla hawajavuka kwa mbio. Mke akasema, "Hapa hatununui." Mumewe akanyamaza kidogo, akasema, "Na hawa wasio na pa kuhamia?"

Hawajanunua mpaka leo. Ila wameandika barua ya kudai kivuko cha juu na walinzi wa kuvusha watoto asubuhi na jioni, na wameizungusha nyumba kwa nyumba pande zote mbili za barabara, katika mtaa ambao bado si wao. Sahihi zimefika mia moja na arobaini. Karatasi ziko juu ya meza ile pale mlangoni, pamoja na kalamu.