Dawati Moja, Meza Mbili



Tumeombwa tuseme machache juu ya ubaguzi wa rangi shuleni. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kama jambo hilo lingali na nafasi katika Shinyanga na Geita ya leo. Wakati wa mkoloni Tanganyika ilikuwa na shule za namna tatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Sheria mpya ya elimu ilipitishwa mwaka 1961, na tangu Januari 1962 mfumo huo ukavunjwa, shule zikawa za watoto wote.

Lakini sheria huishia darasani. Katika sherehe haialikwi. Hapo ndipo tunapotaka kukaa kidogo.

Miji yetu mingi ilipangwa kwa rangi, na majina ya Uzunguni na Uhindini yangali yanatajwa. Tangu ilipoanza migodi mikubwa ya dhahabu, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, wamekuja wataalamu wa mataifa mengi, wengine pamoja na familia zao. Katika shule zetu za kulipia hutokea kwamba mtoto wa mhandisi mgeni, mtoto wa mfanyabiashara wa Kihindi na mtoto wa Kisukuma anayelipiwa ada na mfadhili wanaketi dawati moja. Hilo ni jema.

Likifika juma la mahafali, mambo hubadilika. Wazazi wametueleza katika jumuiya ndogo ndogo kwamba asubuhi watoto wote huimba pamoja mbele ya mgeni rasmi. Jioni huwapo sherehe nyingine, hotelini au ndani ya uzio, ya watu wenye kadi. Kadi haitaji rangi ya mtu, hutaja mchango tu. Mwalimu mkuu akiulizwa hujibu kwamba sherehe ya jioni si ya shule, ni ya wazazi.

Tusidanganyane: wapo Waafrika wengi wenye kadi hizo, na si kila Mhindi anazo. Siku hizi fedha imeshika kamba pamoja na rangi. Hata hivyo mtoto aliyebaki nje ya lango hahesabu shilingi. Huangalia ni nani walio ndani, wanafanana na nani, kisha hujifunza somo ambalo hakuna mwalimu aliyelifundisha.

Jibu la mwalimu mkuu yule si geni duniani. Katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Georgia, Marekani, weusi na weupe walisoma shule moja kwa miaka mingi, ilhali dansi ya kumaliza shule iliandaliwa na wazazi mara mbili, moja ya weupe na nyingine ya weusi. Shule ilisema haihusiki. Mwaka 2013 wasichana wanne marafiki, wawili weusi na wawili weupe, walikusanya michango wakaandaa dansi moja ya wote. Mwaka huo dansi ya weupe peke yao ilifanyika vilevile. Lakini mwaka 2014 shule yenyewe ikaichukua kazi hiyo. Watoto ndio waliotangulia, wakubwa wakafuata nyuma.

Nasi tunayo habari ya Antiokia. Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, kisha walipofika wageni kutoka Yerusalemu akajitenga mezani. Hakumfukuza mtu kanisani. Alihamisha sahani yake tu, na Paulo alimpinga mbele ya watu wote.

Wengi wenu mmo katika kamati na bodi za shule. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na mipango ya mahafali huanza mapema. Kwa hiyo yatupasa kulileta jambo hili katika kikao kijacho cha wazazi. Tunapendekeza mahafali iwe moja, katika uwanja wa shule, kwa chakula ambacho kila mzazi anakimudu, na anayetaka kutoa zaidi atoe kwa meza ya wote. Mkutano wa wazazi usifunge kabla ya kulikubali hilo kwa maandishi. Na majina ya watoto waalikwa yatoke katika daftari la mahudhurio, kama lilivyo, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho.