George Weah: Kutoka San Siro hadi Ikulu ya Monrovia

Tuanzie San Siro, uwanja wa Milan, Septemba 1996. Verona wamepiga kona. Mpira unamwangukia George Weah ndani ya eneo la hatari la Milan. Hatoi pasi. Anaondoka nao, anapenya katikati ya wawili, anamwacha mwingine, wenzake wanabaki kutazama kama watazamaji wa jukwaani, mpaka anafika lango la pili na kuutia wavuni.

Nashuku wengi waliompigia kura baadaye walitaka rais wa namna hiyo, achukue nchi langoni na kuivusha peke yake. Ikulu haina bao la aina hiyo.

Kijana huyu wa Clara Town, mtaa wa mabanda mjini Monrovia, ndiye Mwafrika pekee aliyetwaa Ballon d'Or, mwaka 1995. Vita vilipokuwa vikiiteketeza Liberia, alitoa fedha zake mfukoni ili timu ya taifa isafiri na kuvaa jezi. Kwangu mimi siasa yake ilianzia hapo, kabla hajawa na chama.

Mwaka 2005 aligombea urais, na wasomi wakamcheka kwamba hana shule. Akaongoza duru ya kwanza, akashindwa ya pili na Ellen Johnson Sirleaf, akadai kura zimeibwa, na wafuasi wake wakaingia barabarani. Tumezoea kusema michezo humfunza mtu kukubali kushindwa. Mbona yeye hakufunzika? Akarudi darasani, akapata shahada ya utawala wa biashara Marekani. Mwaka 2011 akaanguka tena, safari hii akiwa mgombea mwenza. 2014 akapata useneta. Januari 2018 akaapishwa kuwa rais. Tangu 1944 Liberia haikuwa imeona rais aliyechaguliwa akimkabidhi madaraka mwingine aliyechaguliwa.

Septemba 2018, akiwa na miaka 51, rais alivaa jezi namba 14 dhidi ya Nigeria, akatolewa dakika ya 79, uwanja mzima ukasimama kumshangilia. Nje ya uwanja makofi yalipungua upesi: maisha yakapanda bei, waandamanaji wakajaa barabarani 2019, na 2022 Marekani ikawawekea vikwazo maofisa wake watatu kwa tuhuma za rushwa.

Usiku wa 17 Novemba 2023, kura hazijamalizika kuhesabiwa, alimpigia simu Joseph Boakai, yuleyule ambaye yeye Weah alimbwaga 2017, akampongeza. Tofauti yao ilikuwa kura 20,000 na ushei, pengo ambalo wengine wangelipeleka mahakamani, au mitaani. Kutoka malalamiko ya 2005 hadi simu ile ni miaka 18. Ng'ambo ya mpaka, nchini Guinea, waliokuwa wameshika ikulu usiku huo walikuwa wanajeshi.