Kidole gumba si uhakiki

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya mazungumzo. Nina maana ya yale mazungumzo ya marafiki baada ya kutazama filamu au tamthilia ya televisheni: nani kaigiza vizuri, nani kaharibu, na kwa nini mwisho umekuwa vile. Wapo wanaoyaona kuwa ni maneno ya kupotezea wakati. Mimi nayaona ni kazi, tena ni kazi inayogusa mifuko ya watu.

Muulize leo mtu aliyetoka kutazama filamu, ilikuwaje? Atakujibu kwamba ni kali, au ni ya kawaida tu. Kama yuko mbali, atakutumia kwenye simu alama ya kidole gumba kilichoelekezwa juu. Hapo mazungumzo yamekwisha. Umejua kwamba ameipenda, lakini sababu hukuambiwa.

Kidole hicho kina historia yake. Mwaka 1975, katika mji wa Chicago huko Marekani, kituo cha televisheni cha WTTW kiliwakalisha pamoja waandishi wawili wa magazeti yaliyokuwa yakishindana: Gene Siskel wa Chicago Tribune na Roger Ebert wa Chicago Sun-Times. Kazi yao ilikuwa kuzungumzia filamu mpya. Baadaye wakawa na desturi ya kutoa hukumu kwa kidole gumba, juu au chini, na wenye filamu wakakipenda sana kidole kile, wakawa wanakitangaza kwenye mabango yao. Siskel alifariki mwaka 1999 na Ebert mwaka 2013. Kidole kimebaki, na sasa kiko kwenye simu ya kila mtu.

Lakini kilichowapa watazamaji raha katika kipindi kile kilikuwa ubishi wa watu wale wawili. Mmoja akisema filamu haina maana, mwenzake humbana: haina maana wapi? Katika kipande kipi? Naye hulazimika kukitaja kipande chenyewe na kutoa sababu. Kwangu mimi, uhakiki unaanzia hapo: pale rafiki yako anapokataa kuikubali hukumu yako mpaka umwonyeshe ulikoitoa.

Ndugu wasikilizaji, sisi nasi tulikuwa na wahakiki wa namna hiyo, tena wengi, ila hakuna kituo kilichowaweka mbele ya kamera. Walikuwa wakisimama nje ya Avalon, Empress na Odeon hapa Dar es Salaam, na nje ya Majestic na Cine Afrique kule Unguja. Kumbi zilipoanza kufungwa wakahamia kwenye mabanda ya video ya mitaani.

Chukueni mfano wa picha ya Kihindi ya Sholay, ya mwaka 1975. Vijana wa mitaani walikuwa na kanuni yao: stelingi hafi. Sasa katika Sholay, Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakufa kabla picha haijaisha. Miaka mingi baadaye nilisikia watu wakibishana juu ya kifo kile kwenye benchi la kituo cha daladala. Mmoja alisema wenye picha wametudhulumu. Kondakta mmoja akamjibu: wewe kumbuka ile sarafu. Tangu mwanzo, Jai na rafiki yake Veeru wakishindwa kukubaliana, Jai hurusha sarafu juu, na kila mara inaangukia anakotaka yeye. Sisi tunacheka tu. Jai anapokufa ndipo Veeru anapoigeuza sarafu ile na kuona kwamba pande zake zote mbili ni sawa. Kumbe Jai hakuwa akibahatisha. Aliamua mwenyewe kubaki nyuma ili mwenzake asalimike.

Kondakta yule hakuwa amesomea sanaa popote. Lakini kwa maneno machache alitufundisha somo ambalo mwandishi yeyote wa hadithi anapaswa kulijua: jambo kubwa la mwisho lazima lipandwe mbegu mapema, tena mbele ya macho ya mtazamaji. Na asingelisema kama mwenzake asingembishia.

Katika mabanda yale walikuwapo pia watafsiri, Lufufu akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, waliotia sauti zao za Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wa kigeni. Kenya nako DJ Afro alijipatia jina kwa kazi kama hiyo. Hawa walieleza, walitania, walimzomea adui na hata kumcheka stelingi mwenyewe. Kwao filamu ilikuja na mazungumzo yake ndani.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, miaka kama ishirini baada ya Zanzibar, mazungumzo hayo hayakufa. Vituo vilikuwa vichache, kwa hiyo wengi walitazama kitu kimoja usiku mmoja, na asubuhi basi zima lilikuwa na jambo moja la kuzungumza. Siku hizi kila mtu ana simu yake, filamu yake na saa yake ya kuitazama. Wa kubishana naye utampata wapi, naye hajafika ulipofika wewe?

Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni baya zaidi. Siku hizi ukisema filamu ya nyumbani ina kasoro, huulizwi ni kasoro gani. Unaulizwa: wewe umetengeneza ngapi? Au unaambiwa una wivu, na kwamba wajibu wako ni kuwaunga mkono wasanii wetu. Jamani, mtu hahitaji kuwa mpishi ili ajue kwamba wali umeungua.

Tazameni gharama ya ukimya huo. Baada ya filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, filamu za Kiswahili kutoka Dar es Salaam zilienea kwa kasi. Zilinunuliwa hapa kwetu, zikavuka mipaka. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu kwa maelfu ya watu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Watu waliwapenda waigizaji wao kweli kweli.

Lakini watu hao hao walikuwa wakiuziwa hadithi moja kwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila kimoja kwa bei yake. Ili kujaza sehemu hizo mbili, tulitazama gari likiingia getini, likiegeshwa, mlango ukifunguliwa, mtu akipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mtazamaji aliliona hilo. Alilalamika sebuleni kwake, akanyamaza hadharani. Kisha siku moja akaacha kununua. Wezi wa kazi za wasanii walichangia sana kuliua soko lile, nao wasisamehewe. Tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili nazo zilichukua watazamaji. Hata hivyo, mteja aliyechoka na asiyesema ni hasara kubwa, maana muuzaji hajui amemkosea wapi. Anayekuambia kasoro yako bado yuko dukani. Aliyenyamaza amekwisha ondoka.

Msanii mmoja ninayemheshimu aliwahi kuniambia kwamba maneno kama haya yanavunja moyo. Alisema: sisi hatuna fedha za Marekani, tunapiga filamu kwa siku chache, kwenye nyumba ya kuazima. Hoja yake ni ya haki. Taa ikiwa hafifu, au sauti ya bodaboda ikiingia katikati ya maneno ya mapenzi, tukumbuke uchache wa fedha na tusamehe. Lakini binti anayemkuta mama yake hayupo nyumbani, akaketi na kuchezea simu bila hata kuuliza aliko, hilo halikusababishwa na fedha. Hilo ni kalamu, na kalamu ya kufuta na kuandika upya haina gharama kubwa. Mhakiki mwema hutenganisha mambo hayo mawili.

Sifa tupu nazo hazisaidii. Mwaka 2021 filamu ya Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini wengi tulishangilia safari yake kuliko tulivyoizungumza filamu yenyewe. Yasmin wa kwenye filamu ni yule yule wa kitabuni? Kipi kimeachwa, na kuachwa huko kumeijenga hadithi au kumeipunguza? Hayo ni maswali ya kuwakesha marafiki barazani, na kila anayejibu anamheshimu msanii kuliko anayepiga makofi tu.

Basi, ndugu wasikilizaji, ombi langu ni dogo. Kubalianeni wawili au watatu, nyumbani au kazini, mtazame filamu moja au tamthilia moja katika juma moja, kisha mkutane. Atakayesema ni nzuri, mwambieni ataje kipande. Atakayesema ni mbovu, naye ataje kipande, na aseme angetaka kiweje. Mkitofautiana msikasirikiane; Siskel na Ebert waliishi kwa kutofautiana. Na mkikutana na msanii mwenyewe, msimsifu usoni mkamsema akigeuka. Mwambieni mliyoambiana, kwa adabu, maana hao waliomsifu bila kutaja kipande ndio wa kwanza kuacha kununua.

Kwa leo naishia hapo. Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia uzima.