Kulabu ya Mnara wa 27/222

Leo nakuletea habari ya kipande cha chuma.

Ni kulabu. Unaijua, ni ndugu ya ile inayoning'iniza nyama buchani, ila hii iliundwa kushikilia vile vikombe vinavyozuia umeme wa waya usishuke kwenye mnara. Ilitundikwa katika bonde la mto Feather, kaskazini mwa California nchini Marekani, wakati laini ya huko ilipojengwa kati ya 1919 na 1921. Bonde hilo lina upepo usiotulia. Kila ulipovuma, kulabu ilicheza ndani ya tundu lake, chuma kikasugua chuma, mwaka hadi mwaka, karibu miaka 100. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba 2018, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, ikakatika.

Waya wa volti 115,000 ukaachia na kuugonga mnara. Matone ya chuma kilichoyeyuka yakaangukia nyasi kavu. Kufikia jioni mji uitwao Paradise, wenye maelfu ya watu, wakiwamo wazee wengi waliostaafu, ulikuwa umegeuka majivu. Watu 85 walikufa. Majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea.

Mwenye mnara ni Pacific Gas and Electric, ambayo watu wa huko huiita PG&E. Inawauzia stima na gesi ya bomba watu wapatao milioni 16. Ina hisa katika soko la New York, na kwa miaka mingi watu walizinunua kama mtu anavyonunua shamba la kumtunza uzeeni: halikupi utajiri, lakini mavuno hayakosekani. Nani ataacha kuwasha taa? Nani ataacha kupika?

Swali ninalotaka tulitafakari ni hili: ile kulabu ilikuwa wapi kwenye vitabu vya hesabu?

Haikuwamo. Mhasibu huandika kifaa kilinunuliwa kwa pesa ngapi, akapunguza thamani yake kidogo kidogo kila mwaka mpaka ikome. Hana safu ya kuandika kwamba chuma kimesagika. Deni la benki utalikuta kwenye mizania, pamoja na riba na siku ya kulilipa. Deni la kazi ya ukarabati ambayo haikufanywa halimo. Na tena, mwaka ule kazi hiyo inapoahirishwa, fedha zake hubaki mkononi, na zikibaki mkononi huhesabiwa kuwa faida. Hapo ndipo ninapopaogopa mimi. Kampuni inaweza kuwa inaoza huku taarifa yake ya fedha ikipendeza.

Acha nieleze jinsi kampuni ya namna hii inavyopata fedha, maana si kama duka. Bei haipangi yenyewe. Inapangwa na Tume ya Huduma za Umma ya California, kama hapa kwetu Kenya mamlaka ya nishati, EPRA, inavyopitisha bei ya stima. Tume inagawa gharama mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la uendeshaji: mishahara, ukaguzi, kukata miti inayogusa waya. Hizo mteja anazirudisha kama zilivyo, bila faida juu yake. Fungu la pili ni mtaji: minara mipya, mabomba mapya, mitambo. Kwa sehemu ya mtaji iliyotoka kwa wanahisa, Tume huruhusu faida ya asilimia 10 hivi kwa mwaka. Na stima ikiuzwa nyingi au kidogo, mapato yaliyoidhinishwa hayabadiliki.

Sasa piga picha. Kujenga mnara mpya kunaleta faida. Kumpandisha fundi juu ya mnara wa zamani, aiguse kulabu kwa mkono wake na kuitazama kwa karibu, hakumletei mwanahisa hata senti. Na bei zikishapangwa kwa miaka mitatu au minne, kila dola isiyotumika kwenye ukaguzi katika kipindi hicho hubaki kwa kampuni. Sisemi kila meneja alikaa akapanga maovu. Nasema mteremko uliwekwa, na maji yakafuata mteremko.

Na hawakukosa onyo. Onyo lilikuja miaka minane kabla, tena kwa upande wa gesi. Jioni ya tarehe 9 Septemba 2010, katika mji wa San Bruno, karibu na San Francisco, bomba la gesi lenye upana wa inchi 30, lililofukiwa mwaka 1956, lililipuka katikati ya makazi ya watu. Wanane walikufa, nyumba 38 zikabomoka kabisa. Ilichukua dakika 95 kuizima gesi iliyokuwa ikilisha ule moto. Hebu fikiria, msikilizaji, saa moja na nusu gesi inatoka na moto unakula mtaa.

Wachunguzi walipofukua walikuta jambo linalonisumbua hadi leo. Kumbukumbu za kampuni zilisema bomba la pale halina mshono. Bomba lenyewe lilikuwa na mshono, na baadhi ya vipande vilikuwa vimechomelewa vibaya tangu siku ya kwanza. Makaratasi yalikuwa yakisema habari za bomba lingine kabisa. Kwa zaidi ya miaka 50 watu walikula, walilala na kulea watoto juu ya kitu ambacho mwenyewe hakukijua.

Wakaguzi walioitwa baada ya msiba huo walipekua pia fedha. Walibaini kwamba kwa zaidi ya miaka 10, upande wa mabomba makubwa ya gesi, kampuni ilikusanya zaidi ya dola milioni 400 juu ya mapato yaliyoidhinishwa, huku matumizi kwenye kazi zenyewe yakiwa chini ya yale yaliyokubaliwa. Mwaka 2015 Tume ikaitoza adhabu ya dola bilioni 1.6. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho likaitia hatiani kwa makosa sita ya jinai, likiwamo la kuzuia uchunguzi. Kampuni ikapewa kifungo cha nje cha miaka mitano. Kulabu ya bonde la Feather ilikatika kifungo hicho kikiendelea.

Twende kwenye hasara. Huko California kuna kanuni ya sheria ambayo kila mwekezaji wa stima anaijua kwa uchungu. Kampuni ya umeme ina mamlaka ya kuchukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma. Kwa hiyo, kifaa chake kikiharibu mali ya mtu, inamlipa, hata kama hakuna aliyethibitisha uzembe. Msingi wake ni kwamba umma umefaidika na ile waya, basi hasara isimwelemee mmoja. Kanuni nzuri kwa mwenye nyumba iliyoungua. Lakini Tume haiahidi kuiruhusu kampuni kuzirudisha fedha hizo kupitia bili. Mwaka 2017 ilikataa ombi kama hilo la kampuni jirani ya San Diego, la dola milioni 379, kwa mioto ya mwaka 2007. Hapo ndipo soko lilipoamka.

Angalia tarakimu zilivyogeuka. Mwaka 2017 PG&E ilitangaza faida ya dola bilioni 1.6. Mwaka 2018 hasara ya bilioni 6.8. Mwaka 2019 hasara nyingine, bilioni 7.6. Hisa iliyokuwa juu ya dola 70 mwezi Septemba 2017 ilishuka chini ya dola 10 Januari 2019. Gawio lilisimamishwa. Tarehe 29 Januari 2019 kampuni ikakimbilia mahakama ya ufilisi, kwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa 2001, soko la umeme la California lilipovurugika ikawa inanunua ghali na kuuza kwa bei iliyofungwa.

Mapatano yaliyofikiwa mahakamani yana jambo ambalo nadhani kila mwenye hisa za stima popote alijue. Waathirika wa mioto walitengewa dola bilioni 13.5. Lakini nusu tu ilikuwa fedha taslimu. Nusu ya pili walipewa hisa za kampuni ileile, kupitia mfuko wa amana. Yaani mama aliyepoteza nyumba akawa, apende asipende, mshirika wa biashara iliyoiunguza. Bei ya hisa ikishuka huko New York, nyumba anayotaka kuijenga upya inapungua chumba. Kampuni ikipata faida, hata kwa kumpandishia bili jirani yake, naye anapona kidogo. Sijawahi kuona mzigo wa biashara ukihamishwa waziwazi namna hiyo kutoka bega moja kwenda jingine. Mfuko ulimaliza kuuza hisa zake miaka kadhaa baadaye, na waathirika hawakulipwa kikamilifu.

Juni 2020, katika mahakama ya kaunti ya Butte, mkurugenzi mkuu alisimama kwa niaba ya kampuni kujibu mashtaka 84 ya kuua bila kukusudia. Jaji alisoma majina, moja baada ya jingine, picha ya kila marehemu ikionyeshwa. Kila jina, jibu lilikuwa lilelile: tunakiri kosa. Mara 84.

Na leo? Leo kampuni inapumua. Mwaka 2023 mapato yake yalikuwa dola bilioni 24.4, faida bilioni 2.2. Mwaka 2024 mapato yalikuwa yaleyale bilioni 24.4, faida ikafika karibu bilioni 2.5. Gawio limerudi, dogo. Bunge la jimbo lilianzisha mfuko wa dola bilioni 21 wa kufidia mioto, unaochangiwa na wanahisa na wateja. Na mwaka 2021, moto mwingine mkubwa ukiwa unawaka, kampuni ilitangaza kufukia waya ardhini kwa urefu wa maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000. Kila maili inagharimu zaidi ya dola milioni 3. Katika msitu mkavu nakubali kabisa, fukia. Ila kumbuka yale mafungu mawili. Mtaro ni mtaji, na mtaji una faida. Kuvisha waya gamba la kuikinga ni rahisi zaidi, lakini faida yake kwa mwanahisa ni ndogo. Mteja wa nyumbani sasa analipa senti 40 hivi za dola kwa uniti moja, zaidi ya shilingi 50 zetu, na malalamiko yamekuwa hatari nyingine ya biashara, kwa kuwa wanasiasa nao wana masikio. Upande wa gesi una wasiwasi wake: nyumba zikihamia majiko ya umeme, mabomba yanabaki palepale, na gharama ya kuyatunza inawaangukia wachache waliobaki, ambao mara nyingi ni wale wasio na uwezo wa kununua jiko jipya.

Nirudi nyumbani. Kampuni yetu ya Kenya Power, ambayo wengi mna hisa zake, ilitangaza faida ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka ulioishia Juni 2024, kutoka hasara ya bilioni 3 mwaka uliotangulia. Nilifurahi. Lakini soma ndani: shilingi yetu ilipopata nguvu, madeni ya fedha za kigeni yalipungua yenyewe, na bei mpya nazo zilisaidia. Hakuna ubaya hapo. Ila shilingi kupanda hakukazi hata nati moja kwenye transfoma.

Kwa hiyo ukialikwa kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wewe mwenye hisa zako mia mbili, ukishasikia faida na gawio, inua mkono. Uliza: mwaka huu nguzo ngapi zilikaguliwa na fundi aliyezigusa? Ngapi zilikutwa zimeoza chini? Ngapi zimebadilishwa, na zile nyingine zinasubiri nini? Mwulize mkurugenzi, kwa heshima, akupe hesabu hiyo kwa tarakimu kama alivyokupa ya faida.

Maana ule mnara wa bonde la Feather, namba 27/222, wachunguzi wa kaunti ya Butte walikuta kwamba hakuna fundi aliyeupanda kuukagua tangu angalau mwaka 2001. Ni miaka 17. Katika miaka hiyo yote taarifa za fedha zilitolewa kila baada ya miezi mitatu, zikasomwa, zikachambuliwa, na kulabu ikaendelea kusagika.