Kazi za Mifumo kwa Asiyependa Kuandika Programu
Maneno ya wanachama watatu wa tawi la Dar es Salaam kwenye mkutano wa mwaka



Kamati imetuomba tuwaeleze vijana kuhusu kazi zetu za kompyuta. Tuanze kwa kukiri: katika sisi watatu hakuna anayependa kuandika programu. Mmoja wetu alirudia somo hilo mara mbili chuoni, na baba yake alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya ada. Likizo ile hakuja nyumbani. Aliona aibu.

Hakuna aliyemwambia kwamba kazi ya mifumo ya kampuni ina milango mingine. Chukueni SAP, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na watu watano waliotoka IBM. Mfumo kama huo unaunganisha hesabu, mishahara, manunuzi na ghala: mzigo ukipokelewa ghalani, vitabu vya mhasibu vinajua papo hapo. Mwandishi wa programu anahitajika, ndiyo. Lakini lazima awepo mtu wa kukaa na mhasibu na mtunza ghala, aulize kazi yao inakwendaje, aupange mfumo uifuate, aujaribu, kisha awafundishe watumiaji. Hiyo ndiyo kazi yetu.

Hapa mlimani tumeiona tangu utoto. Karani wa kahawa kwenye chama cha msingi alipima, akaandika stakabadhi, akajua nani amepata malipo ya awali na nani bado anadai. Anayeelewa hayo ameshapiga hatua kubwa. Kuna ghala tuliloliwekea mfumo, na siku ya kwanza ukaonyesha mzigo usioweza kuenea humo hata kwa kushindilia. Sisi tuliweka kilo, wao wanahesabu magunia. Programu haikuwa na kosa. Hatukuwa tumemuuliza mtunza ghala.

Tusiwadanganye vijana, kompyuta huikwepi. Utajifunza SQL ya kutosha kuchambua data, utasoma uhasibu hata kama hukuusomea, na siku za kufunga hesabu za mwezi utachelewa sana kurudi nyumbani. Anayekimbia programu kwa sababu hapendi kufuatilia jambo hatua kwa hatua, huku pia hapatamfaa. Lakini kama kinachokuchosha ni kukaa peke yako na skrini, na unapenda kumdadisi mtu kuhusu kazi yake, njoo.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, pamoja na kompyuta za shule tunazochangia leo, tunaomba litengwe fungu dogo la nauli na chumba kwa vijana wanaokwenda Dar es Salaam kwa mafunzo kwa vitendo. Wapo wanaopata nafasi wakakosa pa kulala. Mwaka ujao sisi tutapokea wawili. Mmoja atakaa kwetu Mbezi, wa pili bado tunamtafutia chumba. Bahasha yetu ya kuanzia mweka hazina anayo tayari.