Trekta Likizimika Shambani: Mafuta Yafuatwe Tangu Tangini

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa Kitale na Bungoma



Mwezi wa Machi unapoelekea kwisha, watu wa Trans Nzoia na Bungoma hutazama mawingu juu ya Mlima Elgon, kwa maana mvua za masika zi karibu na hazimngoji mtu. Tangu mbegu chotara za mahindi zilipoanza kutoka Kitale mwaka 1964, wakulima wamejifunza kwamba mbegu njema haifai kitu ikichelewa kupandwa. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi 6 hivi au zaidi, na siku zinazopotea mwanzoni mwa mvua hupunguza magunia wakati wa mavuno.

Kwa sababu hiyo trekta dogo ni tegemeo la watu wengi kuliko mwenyewe. Mwenye trekta hulima shamba lake, kisha huitwa na jirani wa ekari mbili, na mjane wa ekari moja, na shule yenye shamba la chakula cha watoto. Likizimika, wote hao husimama pamoja nalo.

Aghalabu kinachofuata ni hiki. Dereva huzungusha stata mpaka betri inakwisha nguvu. Kisha hushika spana na kufungua kila nati anayoiona. Jioni hutumwa mtu mjini kumtafuta fundi, na fundi afikapo siku ya pili hukuta kwamba trekta halikuwa na ugonjwa ila kifuniko cha tangi kilichozibwa na tope. Lakini sasa, kwa sababu ya nati zilizofunguliwa ovyo, lina ugonjwa wa pili.

Shabaha ya mazungumzo haya ni moja: kuonyesha ya kuwa dizeli ina njia moja tu kutoka tangini hata ndani ya injini, na mtu aifuataye njia hiyo hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja, ataona mahali ilipokatika. Wahenga walisema kwamba maji hufuata mkondo. Mafuta nayo ni vivyo hivyo.

NJIA YA MAFUTA

Injini ya namna hii ilibuniwa na Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, nayo ilifanikiwa katika majaribio mjini Augsburg mwaka 1897. Haina plagi wala cheche. Hewa ndani ya silinda hubanwa mpaka nafasi yake inapungua mara 16 au zaidi, na kwa kubanwa hivyo hupata joto linalopita digrii 500 za sentigredi. Hapo dizeli hupulizwa ndani kama ukungu, ikashika moto yenyewe. Basi injini hii yahitaji vitu viwili: hewa iliyobanwa sawasawa, na mafuta safi yaliyofika kwa wakati wake. Ikiwa stata yazunguka kwa nguvu na injini haiwaki, jambo la kwanza la kushukiwa ni mafuta.

Katika matrekta madogo yaonekanayo sana, kama Massey Ferguson 35 ya zamani na Massey Ferguson 240 yenye silinda tatu, tangi liko juu ya injini. Mafuta hushuka kwa bomba hadi pampu ndogo, yenye mkono mdogo wa kupigia kwa kidole. Pampu hiyo huyasukuma katika chujio. Kutoka katika chujio huingia pampu kubwa, ambayo mafundi huiita injekta pampu. Hiyo huyagawanya kwa vipimo vidogo na kuyapeleka katika mabomba membamba ya chuma, moja kwa kila silinda, mpaka katika nozeli zinazoyapuliza ndani. Yaliyobaki hurudi. Mwenye trekta aikariri njia hii kama mtoto akaririvyo hesabu: tangi, pampu ndogo, chujio, pampu kubwa, nozeli.

TREKTA LENYEWE HUSEMA

Kabla ya kushika spana, yafaa kutazama bomba la moshi wakati stata inapozunguka. Pasipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe lakini injini haishiki, mafuta yanafika ila hayaungui, labda kwa sababu ya baridi ya asubuhi au maji ndani yake.

Trekta likiwaka vema, likalima muda kidogo, likazimika, kisha baada ya kupumzika likawaka tena, huo ni mtindo wa njia iliyoziba nusu, au wa kifuniko cha tangi kisichopitisha hewa. Likinguruma vizuri pasipo kazi lakini likikosa nguvu jembe linapoingia ardhini, chujio limejaa uchafu. Likiyumba-yumba, mara sauti juu, mara chini, ni dalili ya hewa katika mabomba.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza kabisa, yatazamwe yale madogo ambayo watu huona haya kuyatazama. Je, tangi lina mafuta? Je, kilango chake kiko wazi? Je, kile kizimio kinachovutwa ili kuzima injini kimerudishwa ndani? Mafundi wengi wameendeshwa maili nyingi kwa ajili ya kizimio kilichosahauliwa.

Pili, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Mafuta yanapotoka, hewa haina budi kuingia mahali pake. Tundu la kifuniko likizibwa, tangi hujifunga kama chupa iliyopinduliwa, na mafuta hukataa kushuka. Ikisikika sauti ya hewa kuvutwa ndani, kosa limepatikana. Tundu lisafishwe na kazi iendelee.

Tatu, bomba lifunguliwe pale linapoingia katika pampu ndogo, na chombo safi kiwekwe chini. Mafuta yapaswa kushuka kwa mkondo usiokatika. Yakidondoka tone tone, kizuizi kiko juu: katika kilango, katika kichujio cha tangini, au ndani ya bomba. Pampu ya baiskeli yaweza kutumiwa kupuliza uchafu urudi nyuma, kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Lakini uchafu uliorudi tangini utashuka tena kesho. Basi jioni tangi limwagwe na kuoshwa kwa dizeli.

Nne, bomba lirudishwe, skrubu ya juu ya chujio ilegezwe, na mkono wa pampu ndogo upigwe. Mkono ukiwa mlegevu, usiwe na kazi, injini izungushwe kidogo, kwa maana huenda chuma cha ndani kimeushikilia. Ukishika lakini mafuta hayatoki, ngozi ya pampu imepasuka au vilango vyake vimechafuka. Hapo kijiti cha kupimia oili kitazamwe pia. Oili ikiwa imepanda, tena inanuka dizeli, mafuta yanavujia ndani ya injini, na trekta lisiwashwe mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe.

Tano ni chujio. Chujio la karatasi halioshwi likatumiwa tena, hubadilishwa. Kitabu cha trekta hutaja saa za kazi za kubadilisha, lakini katika vumbi la kiangazi la Januari na Februari, au mafuta yanaponunuliwa kwa madebe, muda huo yafaa ufupishwe. Nje ya chujio pafutwe kwanza, mikono ioshwe, na pete ya mpira ikae sawasawa mahali pake. Pete iliyopindika huingiza hewa, na hewa huleta taabu ileile iliyokuwa ikikimbiwa.

KUTOA HEWA

Kila bomba au chujio linapofunguliwa, na kila mara mafuta yanapokwisha tangini, hewa huingia. Hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Kwa hiyo pampu kubwa ikipiga juu ya hewa, hewa hujikunja tu na nozeli haifunguki. Hakuna budi kuitoa, na kwa taratibu ileile ya njia ya mafuta.

Skrubu ya chujio ilegezwe, pampu ndogo ipigwe mpaka povu liishe na mafuta matupu yatoke, kisha ifungwe huku mafuta yakitoka. Halafu skrubu za pampu kubwa, moja baada ya nyingine, ile ya chini kwanza na ya juu baadaye. Mwisho, nati za mabomba membamba zilegezwe pale zinapoungana na nozeli, mkono wa mafuta uvutwe hadi mwisho, na stata izungushwe. Stata isizungushwe zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mara moja, nayo ipumzishwe kati, isije ikaungua. Mafuta yakitoka bila povu, nati zikazwe. Aghalabu injini huwaka kabla ya nati ya mwisho kukazwa.

Ikiwaka lakini silinda moja haifanyi kazi, nati za nozeli zilegezwe moja moja injini ikizunguka polepole. Ile ambayo kulegezwa kwake hakubadili sauti ndiyo yenye kosa, nayo ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Wakati wote huo mkono wala uso usikaribie mafuta yanayopulizwa. Nguvu yake yapita mara mia ile ya hewa ya kawaida, nayo hutoboa ngozi pasipo maumivu makubwa mwanzoni. Mtu aliyepigwa hivyo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama jeraha ni dogo kama la mwiba, kwani kukawia kwaweza kumpotezea kidole au mkono.

Na pampu kubwa isifunguliwe kamwe shambani. Vyuma vyake vimepangwa kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, na chembe moja ya mchanga yatosha kuviharibu. Kumwita fundi kwa ajili ya pampu hiyo si aibu. Aibu ni kumwita akusanye vipande vilivyomwagwa juu ya gunia.

MAFUTA YATOKAYO DUKANI

Sehemu kubwa ya matatizo haya haianzi katika trekta bali katika debe. Kitale iko karibu meta 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Tangi lililoachwa nusu hujaa hewa yenye unyevu, na baridi ya usiku huugeuza unyevu huo kuwa matone. Basi tangi lijazwe jioni, kazi inapokwisha, wala si asubuhi. Asubuhi, kabla ya kuwasha, maji yaliyokaa chini ya chujio yamwagwe mpaka dizeli safi itoke. Mwenye shaka na achukue mafuta kidogo katika chupa ya kioo, ayaache yatulie: maji hukaa chini na dizeli juu, na macho huyaona.

Pipa lisisimamishwe wima mvuani, kwa kuwa maji hutuama juu yake na kunyonywa kupitia kizibo. Lilazwe chini ya paa. Mafuta yaliyoletwa yaachwe yatulie siku nzima kabla ya kuchotwa, na yale ya chini kabisa yasichotwe. Chombo cha mabati yenye zinki hakifai kwa kuweka dizeli, maana zinki huingiliana na mafuta na kufanya takataka zinazoziba chujio. Kila yanapomiminwa, yapite katika faneli yenye kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Kuna na hila ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa. Tabia hiyo ilizidi hata Serikali ya Kenya ikaweka mwaka 2018 ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa huwaka katika injini, na kwa hiyo dereva hatambui upesi. Lakini pampu kubwa na nozeli hupata ulaini wao kutoka katika dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni mepesi mno kwa kazi hiyo. Vyuma husagana, na bei ya pampu moja humeza faida ya ekari nyingi. Shilingi chache zilizookolewa kwa kununua kando ya njia kwa mtu asiyejulikana ni mkopo wenye riba kubwa. Inunuliwe penye kituo kinachojulikana, na risiti iwekwe.

MAZOEZI KABLA YA MVUA

Kazi yote iliyotajwa hapa yahitaji spana chache, kitambaa safi, chombo cha kukingia, chujio moja la akiba na pete zake. Vitu hivyo vyaenea katika kisanduku kimoja chini ya kiti. Lakini mikono nayo yataka kuzoea. Mwenye trekta na amwite dereva wake mwezi wa Januari, trekta likiwa nyumbani na hakuna anayelingojea, waifuate njia ya mafuta pamoja: wafungue, wasafishe, watoe hewa, wawashe. Atakayekuwa amefanya hivyo mara moja kwa utulivu, hatababaika siku trekta litakapozimika katika shamba la mtu huko Kiminini, Kimilili au Tongaren, mawingu yakiwa yamekwisha kutanda na wenye zamu wakiwa wamesimama ukingoni mwa shamba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika trekta, ufa wenyewe mara nyingi ni tundu la kifuniko, pete ya mpira, au tone la maji. Na ukuta ni msimu mzima wa mahindi.