Mtaalamu wa Mazingira Katika Kiti cha Bodi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ngara na Biharamulo



Vyama vya msingi vinapoketi katika mikutano mikuu yao, wanachama husikiliza taarifa ya mapato na matumizi, huvutana kidogo juu ya makato na malipo ya pili, kisha huchagua wajumbe wa bodi. Aghalabu sifa zinazotafutwa kwa mgombea ni mbili: uaminifu katika fedha na uwezo wa kusoma hesabu. Ni sifa njema, na chama kilichozikosa hakidumu. Lakini yako mambo yawezayo kukiumiza chama kwa muda wa miaka ishirini ambayo hayaonekani katika vitabu vya hesabu. Kijito kilichochafuliwa na maji ya kuoshea kahawa hakimo katika mizania. Msitu uliomalizika kwa kuni za kukaushia tumbaku hauna safu yake katika daftari la mtunza hazina.

Wazee wa Ngara hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na kidogo, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wakimbizi walihitaji kuni na miti ya kujengea, na vilima vikavuliwa nguo. Lile lilikuwa janga la vita, wala hakuna bodi iliyoketi kuliamua. Lakini miti mingi hukatwa, na maji mengi huharibiwa, kwa maamuzi yanayopitishwa mezani kwa utulivu, chai ikinywewa, na muhtasari ukithibitishwa na kutiwa saini. Ndiyo sababu makampuni makubwa duniani siku hizi huweka katika bodi zao mtu aliyebobea katika maendeleo endelevu, yaani matumizi ya ardhi, maji, misitu na madini yasiyowanyima wajukuu riziki yao.

Wilaya hizi mbili zina sababu ya pekee ya kutaka kumjua mtu huyo ni nani na hufanya nini. Nikeli ya Kabanga, Ngara, ilianza kutafitiwa katika miaka ya 1970, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa za kigeni, na mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba uliozaa kampuni ya Tembo Nickel. Serikali ina hisa 16 katika kila mia. Zilizobaki 84 ni za Kabanga Nickel, kampuni tanzu ya Lifezone Metals, ambayo hisa zake ziliingia katika soko la New York mwezi Julai 2023. Miongoni mwa walioingia katika bodi ya Lifezone mwaka huo ni Mwanaidi Maajar, wakili Mtanzania aliyepata kuwa Balozi Uingereza na Marekani. Biharamulo nako, mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya Barrick, na mwaka 2013 ukauzwa kwa shirika la umma la STAMICO, lililounda kampuni ya STAMIGOLD kuuendesha. Anayenunua mgodi hununua pia wajibu wa mashimo yake. Mkulima wa maharage aliye jirani na mgodi hajapata kuiona bodi ya kampuni hata moja kati ya hizo, lakini yaamuliwayo humo humfikia kisimani.

Katika kueleza kazi ya mtaalamu wa aina hii, hakuna maisha yenye mafunzo mengi kuliko ya Maurice Strong wa Kanada, mtu aliyepata kuishi Nairobi kwa nyakati mbili tofauti. Alizaliwa mwaka 1929 katika mji mdogo wa Oak Lake, jimbo la Manitoba, na akakulia katika umaskini wa miaka ile ya mdororo wa uchumi. Aliondoka nyumbani akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi katika kituo cha biashara ya ngozi huko kaskazini kwenye barafu, miongoni mwa Wainuit. Baadaye aliingia katika biashara ya mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alifika Afrika Mashariki na kufanya kazi Nairobi katika kampuni ya Caltex. Katikati ya miaka ya 1960 alikuwa amekwisha kuwa rais wa Power Corporation, moja ya kampuni kubwa za uwekezaji nchini kwake. Huyu, basi, hakuanza kama mtaalamu wa miti na wanyama. Alianza kama mtu wa mizania, na ujuzi wa mazingira ukamjia baadaye.

Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuandaa mkutano wa kwanza mkubwa wa dunia juu ya mazingira, uliofanyika Stockholm, Sweden, mwezi Juni 1972 na kuhudhuriwa na nchi 113. Ugumu wa kazi ile ulikuwa katika kuzileta nchi maskini. Nyingi zilishuku kwamba matajiri, baada ya kujenga viwanda vyao na kushiba, sasa wanataka kuwakataza wengine kujenga. Shaka hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Mwaka mmoja kabla, wataalamu waliitwa Founex, Uswisi, nao wakakubaliana juu ya neno lililookoa mkutano: kwamba umaskini wenyewe ni uharibifu wa mazingira, na kwamba nchi maskini haziwezi kutenganisha hifadhi na maendeleo. Mwezi Desemba 1972 liliundwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, na kwa juhudi za Kenya na nchi nyingine za dunia ya tatu makao makuu yakawekwa Nairobi. Hayo ndiyo makao makuu ya kwanza ya Umoja wa Mataifa kuwekwa katika nchi inayoendelea. Strong akawa Mkurugenzi Mtendaji wa kwanza, hadi mwaka 1975.

Kisha akarudi katika makampuni, na hapo ndipo habari zake zinapowahusu zaidi wanaushirika. Mwaka 1976 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa Petro-Canada, shirika la mafuta la serikali ya nchi yake. Wengi walimcheka: mtetezi wa mazingira anauza mafuta! Katika miaka ya 1980 alikuwa mjumbe wa tume ya Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, ambayo taarifa yake ya mwaka 1987 ndiyo iliyolieneza duniani neno maendeleo endelevu. Mwaka 1992 aliongoza maandalizi ya mkutano wa Rio de Janeiro, na mwishoni mwa mwaka huo huo akapewa uenyekiti wa Ontario Hydro, shirika la umeme la jimbo la Ontario.

Shirika hilo alilikuta na deni la zaidi ya dola bilioni 30 za Kanada. Limejenga mitambo mikubwa ya nyuklia kwa makisio kwamba mahitaji ya umeme yatapanda bila kukoma, na mahitaji hayakupanda hivyo. Strong alisimamisha ujenzi wa mitambo mipya, akahimiza umeme uliopo utumiwe kwa uangalifu, na akapunguza wafanyakazi kwa maelfu. Hilo la mwisho halikumpatia sifa kwa wafanyakazi, wala halikustahili kumpatia. Ila jambo moja lilidhihirika: katika bodi, hifadhi ya mazingira na ulipaji wa deni vyaweza kuwa hoja moja. Mtambo usiojengwa pasipo haja haukopewi. Katibu wa chama aliyewahi kuona ghala au mashine imenunuliwa kwa mkopo, ikapata kutu kabla mkopo haujaisha, ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, kuna sura nyingine ya maisha yake ambayo wasifu wa sherehe huipita haraka, na ambayo yafaa vyama vya wakulima viitazame kwa muda mrefu zaidi.

Katika jimbo la Colorado, Marekani, kuna bonde la San Luis. Ni tambarare iliyoinuka sana, yenye mvua chache, ambako wakulima hulima viazi, shayiri na majani ya mifugo kwa maji ya mito na ya visima. Strong alipata eneo kubwa la ardhi huko, na mwaka 1986 ikaundwa kampuni iliyomhusisha yeye mwenyewe katika uongozi, kwa jina American Water Development. Kampuni iliomba haki ya kuvuta maji ya chini ya ardhi na kuyauza miji ya mbali, nje ya bonde. Kiasi kilichoombwa kilikuwa zaidi ya meta za ujazo milioni 240 kwa mwaka. Mtu aliyeifundisha dunia nzima kutunza maji sasa alikuwa upande wa kampuni iliyotaka kuyahamisha maji ya wakulima.

Wakulima hawakuwa na bodi New York wala mabalozi. Walikuwa na wilaya yao ya hifadhi ya maji, ambayo wapiga kura wake walikubali kwa wingi mkubwa kujitoza kodi ya ziada ili kulipia wanasheria na wataalamu wa miamba. Wataalamu hao walionyesha kwamba maji ya chini na maji ya juu yameungana, na kwamba anayevuta ya chini hukausha ya juu. Mwaka 1991 mahakama ya maji ilikataa ombi la kampuni, na mwaka 1994 Mahakama Kuu ya jimbo ikathibitisha. Strong alikuwa amekwisha kujitoa katika kampuni kabla ya hukumu. Miaka kumi baadaye ardhi ile iliingizwa katika hifadhi za taifa. Strong mwenyewe alifariki Novemba 2015, akiwa na umri wa miaka 86, akisifiwa na serikali nyingi.

Haitoshi kusema kwamba mtu huyo alikuwa mnafiki na kufunga daftari. Stockholm ilikuwa kazi ya kweli, na Nairobi ingali na UNEP. Lakini San Luis inaonyesha udhaifu wa kiti chenyewe. Mjumbe wa bodi kisheria huitumikia kampuni na wenye hisa. Awe mjuzi wa mazingira kiasi gani, akikosa watu nje ya chumba wenye takwimu zao na mhuri wao, ujuzi wake huishia kuipamba taarifa ya mwaka. Waliolinda maji ya San Luis ni wakulima waliojikata fedha zao wakamlipa mtaalamu wao.

Kwa Ngara na Biharamulo, njia za kuingiza sauti zipo, ingawa hazitumiki ipasavyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi mkubwa, na wananchi wanaoguswa wana haki ya kusikilizwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, sheria ya madini inamtaka mwenye leseni ya mgodi aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Chama cha msingi chenye wanachama mia nne, kikiandika barua kwa diwani na nakala kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kabla mpango haujajadiliwa, si mtu wa kupuuzwa. Kikiandika baada ya hapo, hujibiwa kwa heshima, na basi.

Na ndani ya chama chenyewe, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu. Ndio upitishao makisio na ukomo wa madeni. Hapo ndipo mahali pa kuuliza maji machafu ya mtambo wa kahawa yataelekezwa wapi, na ni nani atakayepanda miti badala ya ile itakayokatwa, na kwa fungu lipi. Mjumbe mwenye ujuzi huo aweza kuwa bwana shamba mstaafu, au mama anayejua kila chemchemi ya kata yake.

Linabaki jambo dogo linalowahusu makatibu, kwa kuwa wao ndio waandikao ajenda. Swali la maji na miti likiwekwa mbele ya makisio, bodi hulazimika kulijibu kabla fedha hazijapitishwa. Likiwekwa chini ya "Mengineyo", hufikiwa saa kumi na moja jioni, wanachama wa vijiji vya mbali wakiwa wamekwisha kushika njia.